Picha Thelathini na Moja za Karatasi Moja

Karatasi ilikuwa imegeuka bluu yote, kama kitambaa kilichochovywa kwenye rangi. Mama aliitoa kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, akaishika pembeni kwa vidole viwili, kisha akaniangalia mimi. Ndani ya sanduku, juu ya nguo, ilikuwa imelala chupa ya alkoholi tuliyosafishia vidonda vya mgongo wa baba miezi ile ya mwisho alipokuwa hawezi kugeuka kitandani peke yake. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Alkoholi yenyewe ilikuwa imeshakauka, lakini kabla ya kukauka ilipita kwenye nguo, ikapita kwenye bahasha, ikayeyusha wino wote wa kalamu uliokuwa kwenye karatasi, na wino ukasambaa kama wingu.

Mpaka leo sijui nani aliifunga chupa ile mara ya mwisho. Jioni kabla baba hajafa nilimsafisha mimi. Lakini asubuhi yake mdogo wangu naye alimsafisha, na mama pia huwa anafungua sanduku bila kutazama kilichomo. Nimeirudia jioni ile mara nyingi sana kichwani. Wakati mwingine naona mkono wangu ukizungusha kifuniko mpaka mwisho. Wakati mwingine naona mkono huohuo ukiacha kazi katikati, kwa sababu baba aliita.

Ilikuwa karatasi ya kununulia kiwanja chetu, au parcelle, kama tunavyosema Bukavu. Kiko Nguba, upande wa juu, ambako ziwa linaonekana kidogo kati ya mapaa mawili ya jirani. Mama alikinunua kabla mimi sijazaliwa, mwaka ambao watu wengi walikuwa wanauza kwa haraka na kuondoka. Alikinunua kwa faida ya mafuta ya mawese aliyokuwa anauza soko la Nyawera. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake ulikuja siku ulipotaka. Muuzaji aliandika makubaliano kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, akaondoka mjini wiki ileile, na hatukumsikia tena. Baba kila mwaka alisema kwamba mwaka unaokuja ataenda kukiandikisha kiwanja serikalini. Alikuwa mtu wa mwaka unaokuja.

Hatungekuwa tunaitafuta karatasi kama si maneno ya matanga. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa bado wamekaa chini ya turubai, baba mkubwa alisimama. Ni kaka yake baba, analima kijijini, na hapo kabla sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya salamu.

“Hii parcelle iko ya familia,” alisema. “Miye njo nilitoa ng'ombe mbili, ndugu yangu akakuwa mutu na nyumba. Sasa ndugu amekwenda, na hakuacha mutoto mwanaume. Hawa banamuke bawili bataolewa, bataenda kwa bengine. Nyumba haiwezi kuenda na bo.”

Mama hakusimama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cha kilio kichwani. “Karatasi iko,” alisema. “Jina langu njo liko ndani.”

“Basi utaileta siku ya kuondoa kilio. Tutaisoma wote, na chef wa avenue akiwa hapa. Kama jina iko yako, miye ntarudia kwangu na nitanyamaza.”

Chef wa avenue ni yule anayesimamia barabara yetu, mzee mstaafu ambaye watu humwita kusuluhisha kuku na mipaka. Alikuwepo pale, akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo lilikuwa neno lililosemwa mbele ya watu. Usiku mama aliniambia kwamba ng'ombe wale wawili walikuwepo kweli, ila walikuwa mahari yake mwenyewe. Baba mkubwa alisaidia kumtolea mahari, basi. Ng'ombe hao hawakununua kiwanja. Lakini nilivyomwangalia baba mkubwa siku ile, sikumwona kama mtu anayedanganya. Nafikiri kwake hesabu ilikuwa moja: ng'ombe walimleta mwanamke, mwanamke alileta mafuta, mafuta yalileta kiwanja. Hilo lilinitia hofu zaidi kuliko kama angekuwa mwizi.

Mahakama hazikuwa zinafanya kazi tangu vita viingie, kama vitu vingine vingi mjini. Kilichobaki kilikuwa karatasi ya bluu na wiki tano.

Wino ulikuwa umekwenda, lakini aliyeandika alikuwa ameandika akikandamiza, kama mtu anayeandikia kwenye goti. Niligundua hilo kwa bahati. Nilikuwa nimeishika karatasi karibu na dirisha asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, nikaona mfereji mdogo kama unywele, halafu mwingine. Kalamu ilikuwa imeacha njia zake ndani ya karatasi. Niliiweka mezani, nikawasha tochi ya simu na kuilaza kando kabisa, ili mwanga upite juu ya karatasi bila kuipiga usoni. Nikaona herufi mbili, labda tatu. Nilipopiga picha kwa simu, zilitoka wazi sehemu isiyozidi upana wa kidole. Zaidi ya hapo palikuwa ukungu.

Ugonjwa wa ukungu ule niliujua. Kazi yangu ya kumaliza chuo ilikuwa juu ya kidudu kinachotoboa matunda ya kahawa. Ni kidogo kuliko punje ya mtama, na nilikaa miezi minane nikikipiga picha. Kamera ikisogezwa karibu sana na kitu, inaona wazi kipande chembamba tu, chembamba kama jani. Ukilenga pembe za kichwa, mgongo unapotea. Ukilenga mgongo, miguu inapotea. Dawa yake ni kupiga picha nyingi bila kukisogeza kitu, kila mara ukilenga mbele kidogo, halafu programu ya kompyuta inachukua kutoka kila picha ile sehemu iliyo wazi na kuziunganisha zote kuwa picha moja. Karatasi yetu ilikuwa imejikunja kwa ule unyevu, ina mabonde na vilima kama bati bovu la paa. Kwa kamera ilikuwa na kimo, kama kidudu.

Nilienda chuoni. Watu walikuwa wamepungua sana. Maprofesa wengine walikuwa wameondoka, madarasa mengine yamefungwa kwa kufuli. Fundi wa maabara alikuwepo, yuleyule mzee aliyenifundisha kazi hii kwa uvumilivu zaidi kuliko profesa wangu. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya mayai ya kuchemsha.

“Mademoiselle wa badudu,” alisema. “Umerudia? Bako wapi leo?”

“Leo niko na karatasi, papa.”

“Karatasi haina miguu. Itakuwa rahisi. Badudu bako balikuwa banakimbia ata kisha kufa.”

Nilimweleza. Niliongea muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama kawaida yangu: ng'ombe, matanga, chupa, nani aliifunga. Alimaliza mayai mawili nikiongea. Mwishoni alifuta mikono na kusema, “Leta hiyo kitu.”

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Kompyuta yangu ilikuwa na nusu ya chaji na betri ya kamera ilikuwa na alama moja. Tulifunga kamera kwenye mti wake wa chuma, lenzi ikitazama chini, tukaweka karatasi juu ya kioo, tochi ikalala upande wa kushoto. Papa, kama nilivyozoea kumwita fundi, aliziba madirisha kwa shuka. Kisha akaniambia nivue viatu, kwa sababu sakafu ya chumba kile ni ya mbao na kila hatua inafika mezani.

Kazi yenyewe haina cha kusimulia. Unazungusha skrubu ya kuteremsha kamera kwa upana wa unywele, unasubiri meza itulie, unabonyeza. Unazungusha tena. Nilikuwa nashika pumzi kila mara, na papa alinicheka taratibu. “Pumua, mama. Ukianguka hapa, ni miye bataniuliza.” Nilianza na sehemu ya juu kabisa ya kilima cha karatasi, nikawa nateremka kuelekea bondeni. Picha ya kumi, ya kumi na tano. Kwenye picha ya kumi na tisa, lori lilipita barabarani nje. Nililisikia kabla halijafika, lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Kioo kilitetemeka chini ya karatasi.

“Rudia hiyo,” papa alisema.

Nilitazama betri. Alama ilikuwa imegeuka nyekundu. Nilihesabu: picha kumi na mbili zimebaki. Nikirudia moja, na kamera ikazimika kabla ya kufika chini, picha zote hazina maana, maana siku nyingine karatasi haitakuwa imelala vilevile wala tochi. Mimi ninayerudi kuangalia kufuli la mlango mara nne, siku ile sikurudia. Niliendelea. Thelathini na moja ilipotoka, kamera ilizimika yenyewe.

Kompyuta ilifanya kazi karibu saa nzima. Papa alikaa kando yangu kwenye kiti cha mbao. Mwanzo lilitokea jedwali la mistari ya daftari, ile ya shule, mistari na masanduku madogo. Halafu, juu yake, maandishi. Hayakuwa na rangi yoyote. Yalikuwa mifereji tu na vivuli vyake, kama njia za ng'ombe ukizitazama kutoka mlima wa pili. Lakini yalisomeka. Mimi muuzaji, jina lake. Nimemwuzia, na hapo jina la mama, jina lake la nyumbani la kabla ya ndoa, lote, bila kukosa herufi. Mipaka ya kiwanja kwa miti na jirani. Chini palikuwa na saini ya muuzaji, saini ya mama yenye mkono wa msichana, na pembeni neno shahidi, na saini ya baba.

Baba alikuwa shahidi. Sijui kwa nini hilo lilinipiga kuliko jina la mama. Alikubali kukaa pembeni ya karatasi, akaandika kwamba ameona. Na sasa yeye naye hawezi kuitwa.

Papa aliinamia kioo cha kompyuta mpaka pua ikakaribia kugusa. Alionyesha kwa ukucha kwenye jina la mama. Herufi mbili za katikati zilikuwa na ukingo wa pili, hafifu, kama zimeandikwa mara mbili. “Lori,” alisema.

“Inasomeka lakini.”

“Inasomeka. Bakikuuliza, sema: ni foto. Usibafundishe. Wewe unapenda kufundisha bantu.”

Nilimwonyesha mama siku hiyohiyo mchana, nyuma ya nyumba, kwenye simu. Mama anajua kusoma lakini huwa anasoma polepole, akigusa. Aliligusa jina lake na picha ikakimbia pembeni, nikairudisha. Akaligusa tena. Kisha akaomba aone palipoandikwa mti wa parachichi kwenye mpaka, kwa sababu mti ule ulikatwa zamani na yeye aliusahau. Alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikachukua ile karatasi yenyewe na tochi, nikamfundisha namna ya kuiinamisha kwa mwanga, na yeye mwenyewe akaona mifereji. Nilimweleza kuhusu vilima na mabonde, kuhusu kipande chembamba kama jani, kuhusu programu. Nilimweleza kila kitu. Sikumwambia tu kwamba mifereji ile isiguswe.

Kesho yake nilienda kuchapisha picha kwenye karatasi kubwa. Niliporudi mama alikuwa amefika kutoka Nyawera, amekaa mezani bila kuvua kitambaa cha safari, na mbele yake palikuwa na kitu kinachong'aa.

Kwetu karatasi yenye maana huplastifiwa. Fundi wa fotokopi anaiweka kati ya ngozi mbili za plastiki na kuipitisha kwenye mashine yenye moto, inatoka ngumu kama sahani. Mama ameplastifia vyeti vyetu vya ubatizo, diploma yangu, kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Hata cheti cha kifo cha baba kilikuwa tayari ndani ya plastiki kabla udongo haujakauka.

“Angalia,” alisema. “Sasa ata mvua inyeshe ndani ya nyumba.”

Niliichukua. Ilikuwa bado ina joto kidogo.

“Alipitisha mara mbili,” mama aliendelea. “Ya kwanza ilikuwa na mapovu, nikamukatalia. Nikamuambia hii ni karatasi ya parcelle, haiko kadi ya kwaya. Akarudisha tena, akakandamiza muzuri.”

“Mama, ungeniuliza.”

“Nikuulize nini? Diplome yako nani aliplastifia?”

Nilienda nayo chumbani na tochi. Nililaza mwanga kushoto, kulia, juu, chini. Niliona uso wa tochi yenyewe ukinirudia, na bluu. Moto na magurudumu ya mashine vilikuwa vimeilainisha karatasi mpaka ikawa tambarare kabisa, na gundi ya plastiki ilikuwa imejaza palipobaki. Kamera yoyote ingeipiga sasa kwa picha moja, ingetoka wazi kila kona, na pasingekuwa na kitu cha kusoma.

Sikumwambia. Hili nalisema kwa sababu ndilo linaloniamsha. Nilijiambia nitamwambia baada ya chakula, halafu baada ya kanisa. Nilifikiri: akijua atakuja mbele ya wale watu akiwa ameshavunjika, na wao wataona. Nilifikiri tena: labda picha itatosha, hawatauliza karatasi. Nilifikiri: na chupa nayo, kama ni mimi, basi makosa yote mawili yatakuwa mezani siku moja, langu na lake. Zilipita wiki tatu hivyo. Kila mgeni alipokuja mama alimwonyesha ile plastiki, na mimi nilitoka nje.

Siku ya kuondoa kilio walikuja mapema. Misa ilisomwa asubuhi, kisha viti vilipangwa uani, bia ya ndizi ikagawiwa. Baba mkubwa alikaa katikati. Kando yake alikaa baba mdogo, yule wa mwisho kati yao, ambaye anaishi mjini na anafanya kazi ya karani. Anavaa saa kubwa na anasoma kila kitu mara mbili kabla ya kuweka saini, hata karatasi ya mchango wa harusi. Chef wa avenue alikuwa na miwani yake mfukoni. Watu wengine walikaa nyuma, wakinywa.

“Tulisema karatasi,” baba mkubwa alisema. “Tuone karatasi.”

Mama alisimama, akampa chef ile plastiki kwa mikono miwili. “Wino ulitoka, papa chef. Lakini ukiiinamisha kwa jua, utaona mistari. Kalamu ilikata ndani. Inamisha hivi.”

Chef alivaa miwani. Aliinamisha. Jua lilikuwepo, safi, likamrudia usoni kutoka kwenye plastiki, akafumba macho. Aliinamisha upande mwingine. Akampa baba mdogo, naye akainamisha. Mama aliichukua mwenyewe, akaigeuza, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha akaniangalia, na nikajua kwamba usoni mwangu amesoma kila kitu, pamoja na zile wiki tatu.

“Kuko foto,” nilisema. “Ilipigwa mbele, ikiwa haijaplastifiwa.”

Nilimpa chef karatasi kubwa. Aliisoma taratibu, midomo ikitembea. Alisoma jina la muuzaji kwa sauti. Alisoma jina la mama kwa sauti. Nyuma mtu mmoja alisema “eh” ndogo. Chef alisoma mti wa parachichi, akainua kichwa na kutazama kwenye pembe ya ua, palipokuwa na kisiki. “Ule muti ulikuwa hapa,” alisema. “Miye nilikula maparachichi yake.” Kwa muda mfupi shauri lilikuwa limekwisha. Baba mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa. Naamini angetimiza neno lake.

Baba mdogo aliomba aione. Aliisoma mara mbili, kama kawaida yake, halafu akaisogeza karibu na macho.

“Hapa kwenye jina,” alisema, “herufi hizi mbili ziko na kivuli. Zingine hazina. Juu ya nini?”

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kalamu iliteleza. Nilikuwa nimejibu swali hilohilo kichwani mara nyingi, na kila mara nilijibu kwa usahihi, kwa sababu nilifundishwa kwamba kipimo kisichoelezwa hakina thamani.

“Lori lilipita,” nilisema. “Picha ya kumi na tisa ilitikisika.”

“Ya kumi na tisa? Zilikuwa ngapi?”

“Thelathini na moja.”

“Picha thelathini na moja, ya karatasi moja?”

“Ndiyo, baba mudogo. Kila moja inaona wazi sehemu ndogo tu. Kisha kuunganishwa njo inatoka hii.”

“Kwa hiyo hii foto, hakuna siku kamera iliiona hivi.”

Nilianza kueleza. Nilieleza vilima na mabonde. Nilichukua kipande cha ganda la ndizi nikakikunja kuonyesha. Nilieleza kwamba programu inapima kila nukta kwenye picha zote na kuchagua iliyo wazi zaidi, na kwamba pale kwenye jina ilichagua nusu kutoka picha iliyotikisika na nusu kutoka jirani yake, ndiyo maana ukingo ukawa miwili, lakini herufi ni zilezile. Nilisikia sauti yangu ikipanda na sikuweza kuishusha. Chef alikuwa akinitazama kwa huruma.

“Ilichagua,” baba mdogo alisema. Hakusema kwa dharau. Alikuwa anajaribu kuelewa. “Mashine njo ilichagua.”

“Ilichagua nukta, haikuchagua—”

“Na pale ilikosea kuchagua, ni pale kwenye jina.”

Baba mkubwa aliinua kichwa. “Batoto ba siku hizi banaweka kichwa cha mutu kwa mwili ya mutu mwingine,” alisema. “Kwa simu. Niliona musenateri iko nacheza na simba.” Watu nyuma walicheka, bila ubaya. Mmoja akasema, “Na simba anavaa tai.” Wakacheka tena.

“Kisiki iko,” mama alisema. “Papa chef, ulikula maparachichi.”

“Nilikula, mama. Lakini muti haisemi jina ya mutu.” Chef alivua miwani. Aliiweka picha juu ya plastiki, ukingo kwa ukingo, kama mtu anayepanga kitu kilichokwisha. “Karatasi haina kitu. Foto iko na kitu, lakini mutoto mwenyewe anasema aliitengeneza. Kama angesema alipiga foto, ningesema foto. Amesema ukweli. Sasa nifanye je?”

Walizungumza mpaka saa nane. Baba mkubwa hakuwa mkali, baada ya kushinda alikuwa mpole kupita kiasi, na alimwita mama “muke wetu.” Ikaamuliwa: nyumba ni ya familia. Nyumba ya mbele itapangishwa, na baba mdogo ataisimamia. Mama atakaa vyumba viwili vya nyuma mpaka mdogo wangu amalize sekondari, kisha familia itakaa tena kuamua. Mama alisikiliza yote akiwa amesimama, hakuketi tena tangu alipotoa plastiki. Mara moja tu alifungua mdomo, kuuliza kama jiko la nje liko upande wa mbele au wa nyuma. Walijadiliana. Wakasema la nyuma.

Ikabaki kuandika. Baba mdogo alitoa karatasi nyeupe kutoka kwenye mkoba wake, akatazama huku na huku, kisha akanisogezea.

“Andika weye,” alisema. “Uko na muandiko muzuri, na ulisoma kutushinda wote. Andika kwa Kifaransa kizuri, kisha utusomee kwa Kiswahili.”

Nilimtafuta mama kwa macho, nikitaka anikataze. Alikuwa anaondoa vikombe kwenye viti. Niliandika. Niliandika walioitwa na waliofika, niliandika kwamba hakuna hati iliyosomeka, niliandika vyumba viwili vya nyuma na jiko. Baba mdogo alisoma mara mbili akanirekebisha tarehe. Baba mkubwa alitia kidole gumba. Chef akasaini, kisha baba mdogo.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge na kuja mezani. Aliisoma polepole kutoka juu hadi chini, akigusa kila mstari, na wote tulisubiri. Kisha akauliza saini yake inaenda wapi, nikamwonyesha.